Mtoto Aliyekosa Mahali pa Kupasuliwa

Hadithi hii nilipewa na wifi yangu Nyanzala, siku tulipokuwa tunachambua karanga za mbegu, mwezi wa kumi na moja, mwaka ule mvua zilipotuchelewesha kupanda. Yeye alisema aliipata kwa mama mmoja aliyelala naye kitanda kimoja wodini, wote wawili wakiuguza. Alinisimulia mchana kutwa, karanga zikaisha, akaendelea na mikono mitupu. Ninaiandika kama alivyoisema. Palipokuwa parefu nimepaacha parefu.

Palikuwa na mama anaitwa Kalunde. Alikuwa na binti wa miaka tisa, Nyamizi, na Nyamizi alikuwa na selimundu. Asiyeijua selimundu ni hivi: damu ya mtu, ambayo inatakiwa ipite laini kama maji ya mfereji, inajipinda vipande vipande mfano wa mundu, inakwama mishipani, na inapokwama panauma mpaka mtoto anashindwa kuita jina la mama yake. Leo goti, kesho mgongo, keshokutwa vidole. Mtu anazaliwa nayo. Daktari wa kwao alimwambia Kalunde waziwazi kwamba ugonjwa ule haupasuliwi, unatunzwa. Maji mengi, mwili usipate baridi, kidonge kidogo cha njano kila siku, neti, na homa ikipanda asingoje kesho. Kalunde aliyafanya yote hayo miaka sita, na miaka yote sita neno lile "unatunzwa" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alitaka ugonjwa wenye mwisho.

Ndipo akasikia habari za Wembeni, nchi ambayo hakuna mtu anayerudi nyumbani na ugonjwa alioingia nao. Akambeba mwanawe mgongoni akaenda. Njia waliyopita wifi hakuieleza wala mimi sikuuliza, kwa sababu aliyebeba mgonjwa haangalii njia.

Mlangoni mwa mji watu walisalimiana kwa namna ambayo Kalunde hakuwahi kuisikia. Mmoja anasema, "Mshono?" na mwenzake anajibu, "Umekauka. Wako?" Wakishaambiana kwamba imekauka wanapita. Nguo zao zilikuwa na vidirisha vya vifungo viwili, huyu tumboni, yule ubavuni, mahali lilipo kovu lake, ili anayetaka kuliona alione bila kumsumbua mwenyewe kuvua. Mwenye kovu refu alipishwa njia. Aliyefika miaka ishirini bila kovu hakutoa ushahidi barazani wala hakuozwa, kwa hiyo walikuwepo vijana wazima kabisa waliokwenda kupasuliwa kwa heshima tu, wakafunguliwa, wakashonwa bila kutolewa kitu, na harusi ikafuata mshono ulipokauka.

Nyumba waliyopewa kufikia ilikuwa na sebule na jiko, katikati wazi, jua linapiga. Mwenye nyumba alieleza kwamba vyumba vya kulala vilivuja mwaka juzi, vikabomolewa. Ndivyo walivyofanya Wembeni. Shule ya mtaa ule iliondoa darasa la nne kwa kuwa ndilo lililokuwa linafeli, na watoto walitoka la tatu wakaingia la tano, na walimu walipongezwa. Kwenye rafu ya sebule palikuwa na chupa zimepangwa, na mwenye nyumba akampitisha Kalunde moja moja, taratibu, kama mtu anavyoonesha picha za harusi: kidole tumbo cha mwanawe, vijiwe vya nyongo vya marehemu mama yake, na chupa moja tupu, safi, iliyokuwa bado inangoja.

Kalunde hakucheka. Kwa nini? Kwa sababu asubuhi ileile alikuwa ameshapelekwa kwenye ukumbi wa kupasulia, na aliyoyaona huko yalimfunga mdomo. Ukumbi ulikuwa wa vioo kila upande, mkubwa kuliko kanisa, na watu waliruhusiwa kutazama. Aliona mwanamume mwenye ngiri aliyeletwa kwa machela akilia, na jua lilipopinda alikuwa anauliza chakula. Aliona mama aliyeshindwa kujifungua siku mbili akifunguliwa na kutolewa mapacha, wote watatu hai. Aliona mzee aliyeondolewa mtoto wa jicho akimtazama mkewe muda mrefu, kisha akamwuliza amezeeka lini, na mke akamjibu kwamba alizeeka wakati yeye haangalii. Mikono ya wapasuaji ilikwenda kama ya mshona mikeka, bila haraka na bila kukosea. Na mikono iliyowapita wote ilikuwa ya Mpasuaji Mkuu, jina lake Fungameza, mtu mrefu wa miaka hamsini na ushei, ambaye akiingia hata wagonjwa walinyamaza. Kalunde alisimama nje ya kioo machozi yanamtoka, akajiambia kwamba amefika.

Kabla ya kupasuliwa, mgonjwa alipitia kwa Mtafuta Mahali. Wembeni kila ugonjwa una mahali unapokaa, na ofisa huyu kazi yake ni kupaweka alama kwa chaki ya bluu. Aliitwa Sumbi, mtu mpole, ana watoto wake mwenyewe. Alimwuliza Nyamizi panauma wapi. Nyamizi akaonesha goti la kushoto. Sumbi akachora duara. Alipomaliza kusafisha mikono, akauliza tena kama sheria inavyotaka, na Nyamizi akaonesha mgongo. Akachora la pili. Jioni ilikuwa kifua, asubuhi goti tena, halafu vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja. Kalunde alimweleza kwamba kwao daktari alisema ugonjwa uko kwenye damu. Sumbi akamjibu kwa upole kwamba damu haina pa kukaa, inapita tu, na wao hawana namna ya kupasua kipitacho.

Kufika siku ya tatu mtoto alikuwa wa bluu mwili mzima.

Kesi ikapelekwa kwenye baraza la wapasuaji. Hapo Kalunde alijua kwamba Wembeni kuna vyama viwili, Chama cha Alama ya Kwanza na Chama cha Alama ya Mwisho, na kwamba hawa na hawa hawaoleani. Wa kwanza wanashikilia kwamba ugonjwa ukatwe pale ulipoanzia, wa pili wanasema ukatwe pale ulipo sasa. Walibishana juu ya Nyamizi tangu asubuhi, kwa heshima kubwa, wakitajiana makovu ya wagonjwa wa zamani. Mmoja alisimama akapendekeza iundwe Alama ya Katikati, akazomewa na pande zote mbili. Mwisho Fungameza aliinua kidole, wakanyamaza. Alisema goti la kushoto limetajwa mara saba, zaidi ya mahali pengine popote. Mguu utakatwa juu ya goti.

Sasa, pale Wembeni kulikuwa na desturi moja. Mtoto hapasuliwi mpaka mzazi wake asimame ukumbini na kutamka kwa sauti, "Kateni." Bila neno hilo kisu hakigusi. Lakini mzazi akikataa, au mahali pakikosekana, mgonjwa anaingizwa kwenye daftari la marehemu siku ileile, kwa kuwa ugonjwa usiokatwa, kwa hesabu yao, umekwisha kushinda. Sumbi alimweleza Kalunde yote haya akiwa amekaa naye benchi moja. Alimpa muda mpaka jua la utosini.

"Mguu mmoja, mama," alisema. "Atabaki na kovu ambalo hata mimi nitampisha njia. Na utaondoka hapa huna ugonjwa."

Usimwone Kalunde mjinga. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Miaka sita alikuwa analitafuta neno moja la kumaliza, na hili hapa amepewa, ni fupi, na wanaolidai ni watu aliowaona kwa macho yake wakitoa mapacha hai. Alimtazama Nyamizi aliyelala kwenye benchi la saruji. Maumivu yalikuwa yamemrudia kwa nguvu, meno yanagongana, midomo imekauka.

"Mama," Nyamizi alisema, "wakikata huu, yatahamia kwenye ule mwingine. Yanajua njia."

Kalunde akamwambia asiseme hivyo. Mtoto akasema basi, na akaomba maji ya moto na kitu cha kujifunika.

Kalunde alikwenda kwa muuguzi akakataliwa. Akaenda kwa mwingine, vilevile. Wembeni mgonjwa hapewi joto, wala maji ya kutosha, wala kidonge cha kutuliza, kabla kisu hakijapita, maana maumivu yakitulia alama inapoteza ushahidi wake. Kosa hilo linaitwa kufuta alama, na adhabu yake ni kubwa. Walimwambia kwa adabu. Hapo ndipo Kalunde alipoona moshi ukipanda nyuma ya ukumbi, moshi wa jikoni, akamwinua mwanawe akambeba akaufuata.

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na nyumba ndefu isiyo na kibao. Mlangoni palikuwa na mstari umechorwa kwa chokaa kuzunguka jiko, na nje ya mstari, kwenye kigoda, ameketi mama mnene wa makamo ana fimbo ndefu mkononi. Hakusogea. Alinyoosha fimbo akaelekeza, kulia, kushoto, na watu waliomsikiliza wakaenda. Ndani ya dakika chache Nyamizi alikuwa amelazwa juu ya godoro, amefunikwa mablanketi mawili, amepewa vidonge vya kutuliza maumivu, na mzee mmoja aliyevaa viatu vizito ndani ya nyumba alikuwa anamnywesha maji ya vuguvugu kikombe baada ya kikombe.

Yule mama alijitaja kuwa ni Mlekwa. Alimwambia Kalunde asimshangae kukaa mbali na moto wakati yeye ndiye mkubwa wa jiko. Ana kifafa. Anakunywa kidonge chake kila siku na sasa anaanguka mara chache mno, lakini mstari ule haukanyagi. Moto unashikwa na mzee mwenye viatu, ambaye ana kisukari, na viatu ni vya kulinda nyayo zisipate kidonda. Mzee naye hapimi sukari ya chai yake mwenyewe, anapimiwa. Maji yanatekwa na kijana mwenye pumu, kwa sababu kisimani hakuna moshi. Na mwenye shinikizo la damu ndiye aliyekatazwa kupokea wageni wenye matatizo, kwa hiyo Kalunde asimtafute. Kila mmoja alifanya kile ambacho ugonjwa wa mwenzake umemkataza. Na saa zote, mchana na usiku, mmoja wao alikuwa macho kwa ajili ya wengine, kwa zamu.

Kalunde alizungusha macho mle ndani. Waliokuwemo wangekaribia arobaini. Wengine walikuwa wanashona, wengine wanabishana juu ya karata. Palikuwa na wenye mvi. Kwenye ukumbi wa vioo alikuwa amelia kwa aliyoyaona, lakini hapa alikaa chini bila kukaribishwa.

"Mmeponea wapi ninyi?" aliuliza.

"Kupona bado," Mlekwa alisema. "Mimi huu mwaka wa thelathini na moja nangoja kupona. Katika kungoja nimezaa watoto wanne."

"Na wenyeji wanajua mko hapa?"

"Sisi ni marehemu, mwanangu. Marehemu hasumbuliwi."

Kisha Mlekwa akaelekeza fimbo, na mama mmoja akaja na beseni la maji ya moto na taulo. Wakaanza kumkanda Nyamizi, goti, mgongo, kifua, vidole kimoja kimoja. Chaki ikatoka. Maji ya beseni yakawa ya bluu, na mtoto akarudi rangi yake. Kalunde alijua kinachofanyika. Hakuwazuia. Alichukua taulo la pili akakanda na yeye.

Ngoma ya jua la utosini ikapigwa. Ikapigwa tena. Baadaye wakasikia viatu uani, na mlangoni akasimama Fungameza mwenyewe, amevaa vazi lake la kazini, na Sumbi nyuma yake ana daftari. Hakuna aliyekumbuka Mpasuaji Mkuu kufika nyuma ya ukumbi. Waliokuwa wanacheza karata walizilaza kifudifudi.

Fungameza alimtazama mtoto, akatazama beseni. Halafu macho yake yakapanda yakakutana na mama mwenye fimbo.

"Wewe ni Mlekwa," alisema. "Nilikufungua kichwa. Nilikuwa kijana. Wewe ulikufa."

"Uliandika nimekufa," Mlekwa alisema. "Ulikuwa na haraka, kulikuwa na mgonjwa mwingine mlangoni. Sikukulaumu, baba. Ulishona vizuri sana."

Akageuza kichwa akafunua kitambaa, na kovu likaonekana, jembamba, limenyooka, la mikono ya kijana mwenye kipaji. Wengine nao wakaanza kufungua vifungo vyao bila kuambiwa. Mzee wa kisukari alikuwa na kovu la tumbo. Kijana wa pumu alikuwa na mawili kifuani. Nyumba nzima ilikuwa na kazi yake Fungameza, safi, haina kosa, na chini ya kila mshono ugonjwa ulikuwa palepale alipouacha. Wifi anasema mtu yule aligusa ukuta.

Lakini sheria ni sheria, na aliyekuwa na neno alikuwa Kalunde. Sumbi alifungua daftari. Alimkumbusha tena, kwa upole uleule, kwamba alama zinaweza kuchorwa upya na kosa la kuzifuta lisamehewe, kwamba bado hajachelewa, kwamba akikataa mwanawe anaandikwa leo na hatafutwa tena humo. Kalunde alimtazama Fungameza, siyo Sumbi.

"Wewe niambie," alisema. "Nimeiona mikono yako, baba. Mguu huu ukikatwa, damu yake itanyooka?"

Fungameza alitazama goti la mtoto.

"Hapana," alisema.

"Basi sisemi hilo neno. Mwandikeni."

Aliposema hivyo, mwiba ule wa kooni, wifi anasema, haukutoka. Kalunde aliumeza tu. Alijua ameukubali ugonjwa usio na mwisho, na vikombe vya maji visivyo na hesabu, na homa za kukimbizana nazo maisha yote ya mtoto.

Sumbi aliandika: Nyamizi binti Kalunde, miaka tisa, mahali hapakupatikana, marehemu. Fungameza akatia sahihi, maana hakuna mwingine wa kutia. Sumbi akatoa mkono wa pole kwa mama, akatoa mkono wa pole kwa marehemu pia, kwa kuwa alikuwa amenyoosha wake, kisha akaenda kuwaita waombolezaji wa serikali.

Walikuja sita, wamevaa nyeupe, wakasimama uani wakaimba. Waliimba juu ya mtoto mzuri aliyeondoka mapema. Nyamizi alisikiliza akiwa amejiinua kwa kiwiko. Maumivu yalikuwa yameshuka kiasi cha mtu kupata nafasi ya udadisi.

"Wanamlilia nani?"

"Wewe," Mlekwa alisema.

"Wanaimba vizuri." Akafikiri. "Pilau la msiba analetewa nani?"

"Marehemu. La kwangu nililetewa masinia mawili, nikayarudisha matupu."

Nyamizi alicheka, na kucheka kukamuuma kifuani, akaomba maji.

Fungameza alikuwa bado amesimama mlangoni. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemkaribisha. Mwisho Mlekwa alinyoosha fimbo, akamwelekeza kama alivyowaelekeza wengine: anawe mikono, achukue taulo, limepoa, akalichovye upya. Mpasuaji Mkuu wa Wembeni akanawa mikono. Akakamua taulo la moto akalizungushia goti la kushoto, lile lililotajwa mara saba, akalishika. Nyamizi akamwambia si hapo, yamehama, sasa ni kwenye kisigino. Akahamia kwenye kisigino. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayejifunza kazi, anatakiwa akae hivyo kwa muda gani.

"Mpaka lipoe," Mlekwa alisema.

"Halafu?"

"Halafu unachovya tena."

Aliendelea hivyo alasiri nzima. Kila alipochovya alikuwa anaangalia uso wa mtoto, kama mtu anayeangalia kitu ambacho hakijawahi kupita kwenye kioo chake. Waombolezaji walimaliza, wakala, wakaondoka. Pilau lililetwa, na Nyamizi akala vijiko vitano, akahesabiwa kwa sauti. Kalunde aliandikiwa kwenye karatasi saa za maji, saa za kidonge, na dalili za hatari ambazo zikionekana asikae nyumbani hata kidogo. Mengi aliyajua tangu kwa daktari wa kwao. Safari hii aliyasikiliza. Walikubaliana kwamba mtoto akipata nguvu, keshokutwa, wataondoka kwa mlango wa nyuma, ambao haulindwi, kwa sababu marehemu hawatazamiwi kutoka.

Nyamizi alilala wa kwanza, mdomo wazi, mguu wake wa kushoto nje ya blanketi. Akafuata Fungameza. Alikuwa ameegemeza kichwa ukutani huku ameshika taulo, na lilipopoa hakuamka kulichovya, basi mzee mwenye viatu akalitoa taratibu mikononi mwake. Mlekwa, zamu yake ilipokwisha, alimkabidhi fimbo kijana wa pumu, akajinyoosha kwenye mkeka ulio mbali na jiko, akakoroma papo hapo.

Kalunde alibaki ameketi, mkono wake juu ya kifua cha mtoto, anahesabu pumzi. Ndivyo alivyofanya miaka sita, peke yake, na hakujua namna nyingine ya kukaa. Kijana wa pumu akaja akachuchumaa upande wa pili wa godoro.

"Dada, lala," alisema. "Mimi niko macho."

Kalunde alimtazama, akamtazama tena. Pumzi za kijana zilikuwa na mluzi kidogo, na macho yake yalikuwa yametulia juu ya Nyamizi. Akaondoa mkono wake kifuani kwa mtoto, kijana akaweka wake. Kalunde akalala ubavu, palepale sakafuni, jua bado linaingia mlangoni, akahesabu pumzi tatu, ya nne ikamkuta amelala.